Kibubu Kisichovunjika

Mzee Sayi amefariki msimu huu, mpunga ukiwa bado unapigwa mashambani. Aliyenipigia simu ni mjukuu wake, binti ambaye sikuwahi kumwona. "Shangazi, babu katutoka," akasema. "Alisema wewe lazima uambiwe." Nilikuwa dukani kwangu mjini, Kashaulili, nimefungua simu ya mteja, vipande vyake vimetapakaa juu ya kitambaa, na mteja mwenyewe amesimama mbele yangu anasubiri. Nikamwambia aje keshokutwa, nimefiwa. "Pole sana, mama. Umefiwa na nani?" Baba mkwe hakuwahi kuwa, ingawa kwa mwaka mmoja aliniita mkwe mbele za watu na akanichinjia mbuzi. Nikasema, "Nimefiwa na baba." Mteja akavua kofia, akanipa pole tena, akaondoka bila kudai simu yake.

Kabla sijafunga duka nikavuta droo ya chini kabisa, nikapapasa nyuma ya chaja mbovu, nikatoa kifurushi cha kipande cha kanga. Ndani yake mna chombo cheusi, kidogo kuliko kiberiti. Ukikiona utadhani ni flashi ya kuhifadhia nyimbo, ila hiki kina kioo chembamba na vitufe viwili. Wenye sarafu za mtandaoni wanakiita pochi. Masanja, mwana wa Mzee Sayi, alikiita kibubu, na mimi nikamfuata, kama nilivyomfuata kwa mengi mwaka ule. Kibubu kila mtu anakijua: kisanduku kisicho na mlango, unatumbukiza pesa kwenye tundu la juu, na siku ukibanwa na shida unakivunja. Jina lilimpendeza, maana alisema hiki ni bubu kweli kweli, hakizungumzi na mtandao. Ufunguo wa mali unakaa ndani yake na hautoki, hata ukikichomeka kwenye kompyuta iliyojaa virusi. Hilo ni kweli, na ndilo lililotumaliza. Mali yenyewe haimo ndani ya chombo. Iko mtandaoni, na mpaka leo naiona kwenye simu yangu, imetulia palepale tulipoiacha, dunia nzima inaweza kuitazama na hakuna hata mmoja wa kuigusa. Nimejiapiza mara nyingi kwamba sitaitazama tena, na kila mara narudia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya simu, nimepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Mambo ya kwetu na ya kwao sitayaeleza hapa, yana wenyewe. Itoshe kwamba mimi ni mtu wa Usevya, mtu wa mpunga, na Masanja alikuwa mtoto wa wafugaji wa Sibwesa, na wapo wa pande zote mbili waliosema haiwezekani. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya kompyuta kuukuu niliyoinunua kwa mafungu, kalenda ya parokia ukutani, na pazia lililotenganisha mlango na kibaraza cha kupikia. Masanja alikuja dukani kununua chaja, akanunua, kesho yake akaja kununua nyingine. Siku ya tatu nikamwambia, "Kaka, una simu ngapi wewe?" Akasema ana moja, ila anapenda mwenye duka asilale njaa. Nikamwambia mwenye duka si mimi. "Basi hizo chaja nimezinunua bure," akasema, na hapo nikacheka, na mtu akishanichekesha mimi nimekwisha. Nilimpenda. Niseme wazi, nisijifanye mtu mzima sana.

Malisho yalikuwa yamewaishia kule. Upande huu shamba la mtu, upande ule mpaka wa hifadhi, na kila wiki kesi ya ng'ombe waliokula mahindi. Mzee Sayi akachoka kugombana na watu, akawaita watoto wake, akamkatia kila mmoja fungu lake la ng'ombe. Masanja akalipeleka la kwake mnadani lote. Vijana wenzake walikuwa wamempigia hadithi za sarafu za mtandao, na yeye akasikia kitu kimoja tu ndani ya hadithi zote zile. "Leokadia," akaniambia, tumekaa kibarazani tunakula ugali na samaki, mgebuka wa kukaanga, "ni ng'ombe wasiokula majani ya mtu. Unawaacha wanazaa wenyewe. Mwakani nauza wachache, nanunua kiwanja hapa mjini, nafungua duka la maziwa, naleta mahari kwenu, basi." Nikamuuliza kama anajua mali hiyo inaweza pia kushuka ikabaki nusu. Akasema ng'ombe nao hufa kiangazi. Hakuwa mjinga, jamani. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walimwita mjinga mbele yangu.

Tulipokwenda kumweleza Mzee, Sibwesa, tulikaa nje tukitafuna michembe ya viazi vitamu na kushushia kwa mtindi. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. Akauliza, "Wanalala wapi?" Masanja akasema wanalala mtandaoni. "Anawachunga nani?" "Mimi, baba." "Mwizi akija?" Hapo ndipo Masanja alipomweleza habari za chombo alichosikia kinauzwa, kwamba sarafu zikikaa kwenye simu mwizi anaweza kuzichota akiwa nchi nyingine, lakini zikiwa na kibubu, mpaka akishike kwa mkono, ajue na namba ya siri. Mzee akafikiri, akamimina mtindi mwingine. "Kwa hiyo ni zizi," akasema. Masanja akaruka. "Ndiyo baba, ni zizi!" Na mzee akanigeukia mimi. "Mkwe, hilo zizi umeliona?" Nikasema bado. Akasema siku tukiliona tumwambie lina miba ya aina gani.

Kibubu cha kwanza alikiagiza kwa mtu wa mtandaoni aliyeuza kwa bei ya chini. Kikaja ndani ya boksi zuri, na ndani ya boksi mna kadi ngumu yenye maneno ishirini na manne ya Kiingereza, yamechapwa vizuri, yamepewa namba. Masanja akafurahi. "Ona hawa watu walivyo na utu, wametuandikia kabisa!" Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nasoma maelekezo ya watengenezaji kwenye simu, kamusi mapajani, maana Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na cha kusukuma. Nikasoma mara moja, nikasoma tena. Nikamwambia, "Weka hicho kitu chini." Yale maneno ndiyo ufunguo wenyewe. Chombo kipya lazima kiyatengeneze chenyewe, mbele yako, siku unapokiwasha, na mtu mwingine yeyote asiyaone. Ukiletewa yakiwa tayari, maana yake aliyekuletea anayo, anasubiri tu ujaze mali. Ni fundi kakuuzia kufuli, kabaki na ufunguo wa pili mfukoni. Masanja akaninunia. Akala, akanawa, akakaa. Mwishoni akachukua lile boksi na kadi yake na kila kitu, akaenda kulitumbukiza chooni. Nikasikia anacheka kule nje peke yake. "Mwizi ana adabu yule!" akapaza sauti. "Kaandika na namba!"

Cha pili tuliagiza kwa watengenezaji wenyewe. Kilichelewa mpaka tukakikatia tamaa, kisha kikafika posta. Tukakagua karatasi ya kufungia, kila pembe, nikalinganisha na picha kwenye tovuti yao. Ilikuwa alasiri, mvua inapiga bati mpaka tunasemeshana kwa kupayuka, na umeme, kwa maajabu, ulikuwepo. Kikawaka. Kikaomba namba ya siri. Masanja akanitazama. "Geuka," akasema. Nikadhani anatania. "Maelekezo umenisomea wewe mwenyewe. Mtu yeyote, si ndivyo ulivyosema? Hata mama yako mzazi." Basi nikageuka. Nikaitazama kalenda ya parokia, nikawatazama watakatifu wa mwezi ule mmoja mmoja, nyuma yangu vitufe vinalia tik, tik, na yeye anayaandika maneno kwenye kadi tupu iliyokuja na chombo, akiyatamka polepole kwa ulimi wake. Na ulimi wa Masanja, Mungu amlinde, haukujua tofauti ya r na l. Lori kwake lilikuwa loli, barabara ilikuwa balabala. Nilikuwa namcheka sana kwa hilo. Siku ile nilicheka nikiwa nimetazama ukuta, akaniambia ninyamaze nitamkosesha mali.

Maelekezo yalishauri jambo la busara: kabla hujaweka mali yote, weka kidogo, kisha kifute chombo kwa makusudi, ukirejeshe kwa yale maneno, uone kama ile kidogo itarudi. Nikasema tufanye leo. Masanja akasema nimpe wiki moja. Akaenda Sibwesa na kadi yake ndani ya soksi, akarudi amechangamka, na kibuyu cha mtindi mkononi. Akakifuta chombo. Kisha akanipa ile kadi, imekunjwa, akasema niishike kwenye ngumi na nisiifungue. Akaanza kuingiza maneno kwa vile vitufe viwili, herufi moja moja, macho yamefumba nusu, midomo inacheza. Nilikaa na kadi mkononi ikilowa jasho. Alipomaliza la ishirini na nne, kibubu kikafikiri kidogo, kikafunguka, na ile sarafu ndogo ya majaribio ikaonekana palepale. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama tumeposana. Masanja akamwambia, "Bado kidogo, mama, bado kidogo tu."

Nikamuuliza amefanyaje. Akasema, "Nimewatoa zizini." Mtoto aliyekulia kwenye ng'ombe anajua wanavyotoka asubuhi. Hawatoki ovyo. Yupo wa mbele, yupo anayemfuata, yupo anayegoma mpaka apigwe, na mpangilio huo ameuona kila siku tangu anajifunza kutembea. Hao ng'ombe alikuwa keshawauza, lakini kichwani wanatoka vilevile. Wa kwanza alikuwa Diwani, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitembea mbele na kula kabla ya wote. Akafuata Kijivu, kisha Pembe Moja, kisha Chelewa, na wengine wana majina ya Kisukuma ambayo siwezi kuyaandika nikayatendea haki. Walikuwa wengi kuliko ishirini na nne, ila ishirini na wanne wa mwanzo walitosha. Kila mmoja alimbebesha neno lake moja mgongoni. Akifumba macho anafungua lango, wanapita, anasoma migongo. Sikuwahi kusikia kitu kizuri namna ile, na nilimwambia hivyo. Kwa siku nyingi baadaye nilimsikia akijifunza nyuma ya pazia wakati mimi natwanga karanga kibarazani. Anataja ng'ombe, anataja neno, sauti ya chini. Sikutega sikio, lakini chumba kimoja ni chumba kimoja. Maneno machache yalinifikia bila kupenda.

Ugomvi wetu mkubwa wa mwaka ule, na pekee wa maana, ulikuwa juu ya kadi. Jioni moja, maharage yako jikoni, akaja nayo kibarazani, akasema anaichoma. Nilisimama na mwiko mkononi. Nikamwambia wenye akili wanayaandika maneno mahali pawili, wengine wanayagonga kwenye chuma ili moto ukija yabaki. Nikamwambia tuchukue kipande cha bati na msumari, tuyagonge, tufukie. "Bati?" akasema. "Leokadia, kwetu bati haliachwi hata likiwa juu ya nyumba." Nikasema basi karatasi, nusu iwe kwa mzee, nusu Usevya. Karatasi Sibwesa mchwa hula, akasema, na nusu kuipeleka Usevya ni kuwaonyesha watu kwamba kuna kitu. "Umeona mwenyewe nilivyokirejesha. Kadi ulikuwa nayo wewe mkononi. Nilikosea hata moja?" Hakukosea. Mpaka leo nikilala naitafuta ile sentensi ambayo ingemzuia. Akainama, akaisukuma kadi chini ya chungu, ikashika moto ikaisha. Nikaipua maharage yakiwa hayajaiva, nikamwambia ale hivyo hivyo, na akala, mtu yule, akayasifia.

Wiki ile ile tukahamisha mali yote. Kila tulipotuma, alisoma anwani ya kupokelea mali kwenye kioo cha kibubu, si kwenye kompyuta, kidole kikifuata herufi kwa herufi, maana nilikuwa nimemwonya kwamba kompyuta inaweza kudanganya. Alifuata kila kitu. Hakupiga picha, hakuandika kwenye simu, hakumpa mtu yeyote, hata mimi niliyekuwa nimpikie maisha yangu yote. Tulipokwenda kumweleza Mzee, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikajaribu kumshtaki kwake. "Baba, ameichoma karatasi. Akisahau je?" Mzee akanitazama kama nimeuliza itakuwaje akisahau kula. "Mfugaji asahau ng'ombe?" akasema. "Huyo hajawahi kuchunga." Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao, maana walipendeza, baba na mwana, kwenye lile jua la saa kumi.

Alipata ajali kwenye kurudi kutoka Sibwesa, amepakiwa kwenye bodaboda, barabara imelowa. Dereva alivunjika mkono. Masanja hakuwa na jeraha lolote la kuonekana isipokuwa uvimbe nyuma ya sikio, na alilala siku nyingi bila kuamka. Nilikuwa nakwenda wodini na uji kwenye chupa, narudi na uji. Alipofumbua macho tulishukuru mno, mimi na Mzee tulishikana mikono kwenye korido tukalia bila aibu. Alimtambua baba yake. Mimi alinitazama kwa upole, akasema asante dada. Daktari akasema kuna damu imevilia ndani, anahitaji kupelekwa mbali kwa wataalamu, na mapema, kabla sehemu ile haijazidi kuharibika. Mzee akaniuliza nje, "Mkwe, zile ng'ombe zake si zinatosha?" Nikasema zinatosha, baba, na zinabaki. Nilisema hivyo kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimeangalia kwenye simu asubuhi ile, na zilikuwa zimezaa kweli.

Nikamletea kibubu kitandani, na kompyuta. Tukamweka akakaa, mito mgongoni. Alipokiona uso ukamchangamka! Akakishika kama anavyokishika siku zote, kidole gumba juu ya kitufe, na Mzee akaniambia kwa macho, unaona? Nikageuka ukutani bila kuambiwa. Tik, tik, tik. Nikageuka: kioo kinasema namba si sahihi. "Pole pole, mwanangu," Mzee akasema. Akajaribu tena, kwa uhakika uleule wa mtu anayefungua mlango wa kwao. Si sahihi. Nikamwambia, "Masanja, acha. Masanja, basi, tupumzike kwanza," maana kibubu kile kikikosewa mara tatu kinajifuta. Nikanyoosha mkono. Akaukwepa, akatabasamu, akaniambia, "Dada, namba yangu naijua," na akamaliza. Kioo kikazimika, kikawaka tena upya, na maandishi yakapita kwa Kiingereza: karibu. Kikatukaribisha sisi! Kana kwamba ndiyo kwanza tumekitoa kwenye boksi. Mzee hakujua kusoma, akaniuliza kinasema nini, na ilibidi nimwambie.

Yalibaki maneno. Mzee hakukata tamaa hata kidogo, alijua njia. Akavuta kigoda karibu na kitanda, akamwambia mwanawe kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili ili na mimi nifuate, "Haya, kumekucha. Fungua lango." Masanja akafumba macho. Akaanza. Diwani. Kijivu. Pembe Moja. Chelewa. Mzee anaitikia kila jina kwa kichwa, wote wamo, kwa mpangilio, hakuna aliyeruka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza. Alipofika kwa wa ishirini na nne hakusimama, aliendelea mpaka ndama wa mwisho, na sauti ilikuwa yake, ile ile ya nyuma ya pazia. Nikamuuliza, "Na Diwani amebeba nini?" Akafumbua macho, akanishangaa. "Ng'ombe habebi kitu, dada," akasema. "Punda ndiye anayebeba."

Tulijaribu siku zote tulizokuwa nazo. Nilimtajia machache niliyoyasikia kibarazani, nikitumaini moja litavuta jingine. Kijivu nilikuwa na uhakika naye: nilimsikia kwa masikio yangu akimtaja na kufuatisha neno. Lakini neno lenyewe kwa ulimi wa Masanja lingeweza kuwa wingu, na lingeweza kuwa umati wa watu. Kwa Kiingereza yanatofautiana kwa hiyo l na r tu, na yote mawili yamo kwenye orodha ya chombo. Nilikuwa namcheka kwa hilo. Hata ningelijua ni lipi, yalikuwa yamebaki mengine ambayo sikuwahi kuyasikia kabisa, na niliandikia watengenezaji, nikaandikia na watu wanaojifanya mafundi. Watengenezaji walijibu kwa adabu kwamba hawana ufunguo wa mtu yeyote, na kwamba hiyo ndiyo sababu watu huwaamini. Mafundi walitaka niwatumie hayo machache pamoja na pesa kwanza. Nikaijua harufu yake, nikaacha.

Mzee aliuza ng'ombe wake mwenyewe waliobaki. Walipompeleka Masanja kwa wataalamu muda ulikuwa umekwenda, wakafanya walichoweza, akarudi anatembea, anakula, anacheka, na hana jambo jipya linalokaa kichwani zaidi ya asubuhi moja. Nilikaa Sibwesa mpaka mwisho wa mwaka ule, nikijitambulisha kwake kila siku. Nilichoka. Siku moja Mzee alinikuta nimeinama nafagia uwanja, akaniondolea ufagio mkononi. "Mama," akasema, hakuniita mkwe, "wewe bado mdogo. Nenda." Nilikwenda. Niliolewa baadaye na mtu mwema, nina duka langu, sina la kulalamikia mbele ya watu. Lakini kila msimu Mzee alikuja Kashaulili na kibuyu cha mtindi, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia, "Mama, juzi kasema kitu cha Kizungu." Nikaacha kazi, nikauliza kitu gani. Ilikuwa gudi moningi. Ilikuwa jina la dawa ya kupe. Nilikichomeka kibubu mbele yake kila mara ili aone tumejaribu, na yeye alikitazama kile kioo kwa heshima, akaniaga, akarudi kwa miguu mpaka stendi. Yeye ndiye pekee aliyebaki anaamini, na sasa yuko chini ya udongo.

Msibani nilimkuta Masanja amekaa peke yake kando ya zizi, amenyolewa vizuri, shati jeupe. Zizi lina mbuzi wachache. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitika vizuri, akanisogezea kigoda. "Mama umetoka wapi?" Nikasema Usevya. "Usevya kuna mchele," akasema. Nikasema upo. Hajazeeka, huo ndio ukweli unaoumiza. Mimi nina mvi na yeye uso ni uleule. Wakinamama walikuwa wanapika, moshi unatujia, na watoto wa marehemu walikuwa wamesimama pembeni wakibishana kwa sauti ya chini nani atachangia jeneza kiasi gani. Tuliwasikia wote wawili. Nikafungua kile kipande cha kanga, sijui kwa nini, labda nilitaka tu akishike. Akakichukua, akakigeuza. Kidole gumba kikaenda chenyewe juu ya kitufe, kikatulia pale.

"Hiki nini?"

"Kibubu," nikamwambia.

Akakitikisa karibu na sikio, kusikiliza kama kuna kitu kinagonga. "Kina pesa?"

"Kina pesa. Nyingi."

Akawatazama ndugu zake wanaobishana, akaitazama turubai iliyokodiwa, akanitazama mimi na macho yangu yaliyovimba. Akanirudishia mkononi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni asiyejua mambo madogo.

"Sasa nyie mna shida yote hii," akasema, "si mkivunje?"